Kunyoosha Nyumba ya Mama

Mama alikubali kuhama kwa sharti moja tu: video yangu ionyeshe kwamba nyumba inainama.

"Siku picha za Ardis zitakapoonyesha nyumba yangu inaelekea mtoni," alimwambia kaka yangu Wendell, "siku hiyo hiyo nafunga mizigo, wala hutanibembeleza. Lakini zisipoonyesha, niache. Usiniletee tena habari za mto mezani nikiwa nakula."

Hiyo ilikuwa Machi, theluji bado imejaa uwanjani. Wendell alinitazama mimi, mimi nikatazama kahawa yangu, na tangu siku ile roho ya mama yangu ikawa imebebwa na kamera.

Nyumba ya Mama ilikuwa juu ya ukingo wa mto, nje kidogo ya mji wa Palmer, hapa Alaska. Huo mto unatoka kwenye barafu za milimani. Maji yake ni ya kijivu kama maji ya saruji, na kila kiangazi jua likiyeyusha barafu unavimba na kumega kingo. Haumegi mahali pamoja kila mwaka. Una kichaa chake. Mwaka huu uko kwa fulani, mwakani umerukia ng'ambo, na watu wanabaki wakijipa moyo. Babu alipojenga, mto ulikuwa mbali kiasi kwamba Bibi alilalamika safari ya kuchota maji. Machi hii zilikuwa zimebaki hatua arobaini. Wendell alipigilia vigingi vinne vyekundu kati ya nyumba na mto, na kila akija, kabla hajasalimia mtu, anakwenda kuvihesabu.

Najua utauliza kwa nini hatukuweka pima maji sakafuni tukamaliza ubishi. Tuliweka! Wendell ni fundi bomba, anayo ndefu kuliko mkono wake. Povu halikutulia katikati chumba hata kimoja, na Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Baba mkwe alijenga hii nyumba akiwa na chupa mfukoni," alisema. "Tangu niolewe humu haijawahi kunyooka. Unanihamisha kwa kosa la marehemu?"

Alikuwa na haki. Swali letu halikuwa kama nyumba imepinda. Swali lilikuwa kama inaendelea kupinda. Ndiyo ikaamuliwa kwamba mimi, ambaye kazi yangu ni kupiga video za nyumba zinazouzwa, nije kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, niingie mlango wa mbele, nipite ukumbini mpaka jikoni kwa mwendo mmoja, mto ukiwa mkono wangu wa kushoto, nitokee mlango wa nyuma. Kisha tukae watatu, tuangalie video mpya kando ya ile ya mwezi uliopita.

Kazi yangu ni kumtembeza mnunuzi ndani ya nyumba bila yeye kunyanyuka kitini. Kamera ikitikisika anapata kichefuchefu, anafunga simu, na dalali ananipigia mimi kelele. Kwa hiyo natumia stabilaiza, huo mkono wa chuma wenye umbo la nguzo: juu una bamba la kuwekea kamera, chini una vizito, katikati una mpini unaochezea kila upande, hata mkono wako ukitetemeka kamera haina habari. Vijana siku hizi wana zao za umeme zinazojinyoosha zenyewe. Mimi nina ile ya zamani, isiyo na betri wala mota. Sitaki kitu kinachofikiri kwa niaba yangu. Nilikuwa najivuna nikisema hivyo.

Kuisawazisha ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Unasogeza bamba kulia au kushoto kwa skrubu ndogo, robo zunguko, robo zunguko, mpaka nguzo isimame bila kuegemea. Kisha unailaza nguzo, unaiachia, unahesabu: moja, mbili, karibu tatu. Ikisimama upesi mno, chini kuna uzito mwingi, unatoa kizito kimoja. Ikizembea, unaongeza. Mimi sina subira. Nimeshaitupa kwenye nyasi mara mbili, na mara zote mbili nimekwenda kuiokota nikiiomba radhi.

Na hapa ndipo penye kosa langu, kwa hiyo nitalisema taratibu. Sisi watu wa video za nyumba hatusawazishi kwa pima maji. Tunasawazisha kwa mlango. Unasimama mwanzo wa ukumbi, unaelekeza kamera kwenye mlango wa jikoni, unazungusha skrubu mpaka mwimo wa mlango uende sambamba na ukingo wa kioo cha kamera. Mnunuzi hajui dunia imekaaje, anajua mlango. Mlango ukisimama wima kwenye simu yake, basi nyumba imesimama. Aliyenifundisha alifanya hivyo, kila ninayemjua kwenye kazi hii anafanya hivyo, na baada ya miaka kumi na moja mkono wangu unafanya kabla sijautuma. Ukimaliza unaandika kwenye daftari bamba limesimama mstari wa ngapi kati ya ile kumi iliyochorwa ubavuni mwake, ili siku ukirudi nyumba ile usianze upya.

Aprili nilinunua maikrofoni mpya. Inaning'inia ubavu wa kulia wa kamera, kwa hiyo bamba ilibidi lisogee kushoto mstari mmoja. Nyumba zote za mjini, mstari mmoja. Kwa Mama, miwili. Mei, minne. Juni, sita. Sikuogopa. Niliudhika tu.

"Kamera yangu haikupendi, Mama," nilimwambia. "Kila nikija hapa inanuna."

"Hata mimi siipendi. Inaninenepesha."

Nililaumu unyevu wa mto. Mei hiyohiyo nilipiga nyumba ya tatu kutoka kwa Mama, ilipokuwa inauzwa, nako kamera ikanuna vilevile. Nikamwambia dalali kwamba upepo wa ukingoni utaniulia vifaa, tukacheka. Iliuzika wiki mbili baadaye. Wakahamia akina Yates, Tessa na mumewe, na mapacha wao ambao ndiyo kwanza wanajifunza kutembea.

Na kila mwezi tulikaa kwenye kochi la Mama, tukaangalia. Mlango wima. Saa ya ukutani wima. Kabati wima. Wendell anajikuna ndevu, anarudisha nyuma, anaangalia tena.

"Haya, kaka," namwambia, "ulitaka ushahidi, huo hapo."

Julai, baada ya Wendell kuondoka, Mama alinishika mkono kule jikoni. Hakuwa na mzaha siku ile.

"Ardis, niambie kweli, mwanangu. Misumari inalia ukutani. Na yai nikiliweka mezani linakwenda lenyewe upande wa dirisha."

"Mama, umeona video. Imenyooka kama rula. Hiyo meza ni ya Babu, miguu yake haijawahi kulingana."

Alishusha pumzi. "Basi. Kama wewe umeona, yatosha."

Aliendelea kulala mle.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti tulifika asubuhi, mimi na Wendell, kila mmoja na gari lake. Ilikuwa imenyesha siku tatu, mvua ya vuguvugu, na mto ulikuwa unanguruma mpaka kifua kinasikia. Mama alikuwa jikoni anapika jamu ya beri, nyumba nzima inanukia sukari. Wendell alikwenda upande wa mtoni kwenye vigingi vyake. Nilimsubiri dirishani, na sikuficha, nilikuwa na hofu. Maji ya kijivu yalikuwa yanapita na miti mizima, mizizi juu.

"Vyote vinne!" alipiga kelele kutoka nje. "Hata kimoja hakijaguswa!"

Nikapumua. Nilijisikia mwepesi kiasi kwamba nilimbusu Mama shavuni, na Mama akanisukuma kwa mwiko.

"Haya, Bibi Sinema," Wendell akasema akikung'uta viatu mlangoni, "piga picha zako tukale. Mimi naenda kuangalia mtungi wa gesi, kuna mahali panavuja, nasikia harufu."

"Nisubirini nivae," Mama akasema. "Mwezi uliopita nilionekana kama mpishi wa gereza."

Akapunguza moto wa jamu, akaenda chumbani kwake. Chumba cha Mama kiko karibu na mlango wa mbele, upande wa mtoni, dirisha lake linatazama bondeni moja kwa moja. Nilisikia akiusukuma mlango ufunge. Aliusukuma kwa bega, mara mbili. Nilisikia, na sikulitilia maanani.

Nikaanza kusawazisha. Nilianza na mstari wa saba, ule wa Julai. Mlango wa jikoni ukaonekana umelala. Nane. Bado. Nilikuwa nimeshaanza kutukana kimoyomoyo. Nikafungua skrubu mpaka vidole vikauma, na mlango ulikuja kusimama wima bamba likiwa mstari wa tisa. Tisa! Kuna mistari kumi tu. Nililaza nguzo, nikaiachia, nikahesabu: moja, mbili, karibu tatu. Ilirudi vizuri kabisa. Haikuwa na ugonjwa wowote.

"Una laana wewe," niliiambia, nikabonyeza kitufe, nikaanza kutembea.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi Mama aliponiita.

"Ardis! Njoo unisaidie, mlango umekaza."

Niligeuka na kamera ikiwa bado inarekodi. Sikuwahi kugeuka na kamera katika nyumba ile. Siku zote nilikwenda mbele tu, mto mkono wa kushoto, nikatokea nyuma. Sasa nilitazama upande wa mlango wa mbele, mto ukiwa mkono wa kulia, nikaangalia kioo. Ukumbi ulikuwa umelala. Mlango wa mbele ulikuwa umeegama kama mlevi ukutani. Picha ya harusi ya wazazi wangu, sakafu, dari, vyote vimelala upande mmoja.

Nikadhani skrubu imefyatuka. Ndivyo nilivyodhani, na hasira ikanipanda.

"Ardis, umesikia?"

"Subiri kidogo, Mama! Hii takataka imeharibika!"

Mungu anisamehe. Nilimwambia mama yangu asubiri.

Nikageukia jikoni. Mlango wima, safi, kama rula. Nikageukia mbele. Umelala. Jikoni, wima. Mbele, umelala. Nilisimama pale ukumbini nikizunguka kama kichaa, mpaka nikaanza kuelewa. Kwa sababu stabilaiza ikiwa mbovu, ni mbovu pande zote. Ikiegemea kushoto, itaegemea kushoto ukitazama jikoni, na itaegemea kushoto ukitazama mbele, na milango yote miwili itaonekana imelala. Hii yangu ilikuwa sawa upande mmoja, na upande wa pili kosa lilikuwa mara mbili. Kitu cha namna hiyo kina maana moja tu. Kamera ilikuwa imeinama, ndiyo. Ilikuwa imeinama pamoja na nyumba.

Mmoja wa maikrofoni. Minane ya nyumba.

Nilikumbuka Aprili, nikakumbuka Mei, Juni, Julai, kila Jumamosi nimesimama mahali hapahapa na bisibisi yangu, nikiinamisha kamera kidogo zaidi, kidogo zaidi, mpaka nyumba inyooke kwenye kioo. Nyumba ilikuwa inatuambia kila mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa naifunga mdomo.

Na mlango wa Mama ulikuwa umekaza.

Niliitupa stabilaiza na kamera yake palepale sakafuni. Niliusukuma mlango wa Mama kwa bega, haukutikisika. Fremu yote ilikuwa imeubana juu, mbao zimeumana.

"Mama, sogea mbali na dirisha."

"Kwani kuna nini?"

"Sogea tu mbali na dirisha, Mama, nakuomba! Wendell! WENDELL!"

Wendell aliingia mbio na spana mkononi. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana hakuuliza swali.

"Nyumba inaondoka," nilimwambia. "Funga gesi. Leta shoka."

"Vigingi vyote vipo, Ardis, nimevihesabu sasa hivi..."

"Vigingi vinaondoka nayo, Wendell! Ardhi yote inashuka pamoja!"

Alikodoa macho. Nilimwona akielewa. Mto haukuwa unamega ukingo kwa juu, ulikuwa umechimba kwa chini, na kipande kizima, pamoja na vigingi vyake vinne vyekundu na nyumba ya mama yetu, kilikuwa kinateremka polepole tangu theluji iyeyuke. Kaka yangu ni mtu mkubwa, mzito, na sijawahi kumwona akikimbia vile.

Nilibaki na Mama, mlango katikati yetu. Ndipo nilipoanza kusikia. Misumari. Ilikuwa inachomoka mmoja mmoja ndani ya ukuta, ka, ka, kisha kimya, kisha ka. Vumbi lilidondoka darini likaniingia machoni. Niliogopa sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Nilitaka kukimbia. Nalisema kwa kuwa ni kweli: mlango wa mbele ulikuwa hatua sita, wazi, na nje kulikuwa na mwanga, na miguu yangu ilitaka kwenda.

"Ardis," Mama akasema kutoka ndani, sauti yake ndogo. "Kitanda kimesogea."

"Kaa karibu na mlango, Mama. Niko hapa."

"Kimesogea chenyewe."

"Najua. Niko hapa. Siendi popote."

Wendell alirudi na shoka la kuni. Alipiga mara moja, likakwama kwenye mbao. Akalichomoa, akapiga tena. Kitasa kiliruka kikanipiga mguuni. Pigo la tano lilifungua tundu, nikamwona Mama: amevaa gauni lake la bluu la kanisani, kiatu mguu mmoja, amejibana ukutani, mikono imekumbatia mkoba. Nyuma yake dirisha lilikuwa limejaa maji ya kijivu mahali ambapo siku zote lilijaa milima. Sikutaka kuliangalia tena.

Tulivunja ubao wa chini. Mama ana nyonga mbovu, hawezi kuinama. Wendell alipitisha mikono akamshika makwapani, akamvuta kama anavyovuta bomba lililokwama, Mama akapiga ukelele wa maumivu, gauni likapasuka, akatoka.

"Jamu yangu," alisema. "Jamu iko motoni."

"Achana na jamu!"

Tulitoka, Wendell amembeba, mimi nyuma yao. Wendell aliacha shoka likining'inia kwenye mlango, mimi nikalichomoa. Usiniulize kwa nini. Labda kwa kuwa lilikuwa kitu pekee cha kushika. Tulivuka uwanja, tukavuka bustani ya kabichi, tukafika barabarani, Wendell akamkalisha Mama nyuma ya gari lake. Ndipo tulipogeuka.

Haikuanguka kama unavyodhani. Jikoni ndiyo ilitangulia. Ilikaa chini kwa upole, kama mtu anayekaa kwenye kiti, na bomba la moshi likapinda. Kisha chumba cha Mama kikafunguka ubavuni, tukaona ukuta wake wa waridi na kitanda chake, na kitanda kikatoka nje kikaenda. Hakikutoa hata sauti, mto ulikuwa unanguruma mno. Nusu nyingine ya nyumba ilibaki imening'inia, mlango wa mbele wazi, na mle ndani, mahali fulani sakafuni, kamera yangu labda ilikuwa bado inarekodi.

Wendell alikaa barabarani, akatoa simu, akaanza kuwapigia zima moto, vidole vinakosea namba. Mimi nilimfunika Mama kwa koti la kazi la Wendell. Alitazama nyumba yake.

"Basi," alisema. "Limetokea ghafla. Hakuna ambaye angejua. Hata wewe na macho yako yote. Hata video ilikuwa imenyooka."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ananipa njia, na alikuwa ananipa kwa moyo mweupe. Nilimshika mkono wenye baridi.

"Mama, nyumba haikuwa imenyooka. Mimi ndiye niliyekuwa nainyoosha."

Hakuelewa. Nilitoa daftari langu mfukoni, nikamwonyesha, nikamweleza habari ya mlango na skrubu na mistari. Nililia huku naeleza. Aprili miwili, Mei minne, Juni sita, Julai saba, leo tisa. Wendell aliacha simu ikilia sikioni mwake akanitazama, na nilitamani angenitukana.

"Nilikuuliza," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuuliza habari ya yai. Ukaniambia meza ni ya babu yako."

"Ndiyo."

"Nimelala mle mwezi mzima kwa neno lako, Ardis."

Alinipokonya daftari. Miwani yake ilikuwa imekwenda na kitanda, kwa hiyo alilishika mbali, mkono umenyooka, akilisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine huku anakunja uso. Nilidhani anatafuta jina lake. Kidole chake kilisimama kwenye ukurasa wa Mei.

"Nyumba zote za mjini ni mstari mmoja, umesema."

"Mmoja, Mama. Ni wa maikrofoni."

"Na hii yenye mitatu?"

Nilitazama. Mwandiko wangu mwenyewe, wa haraka, na pembeni nimechora uso ulionuna. Nyumba ya tatu kutoka kwa Mama.

"Wale mapacha," Mama akasema.

Sikumsubiri amalize. Nilikimbia. Nina miaka arobaini na sita, magoti yangu mabovu, na barabara ile ni ya kokoto, lakini nilikimbia mpaka ladha ya damu ikaja mdomoni. Mitatu ilikuwa ya Mei. Kwa Mama Mei ilikuwa minne. Nilikuwa napiga hesabu huku nakimbia, Mei minne, leo tisa, Mei mitatu, leo ngapi, leo ngapi, na mto ulikuwa unakwenda nami bega kwa bega nyuma ya nyumba zile.

Nyumba ya akina Yates ilikuwa imetulia. Nguo za watoto zilikuwa kwenye kamba chini ya paa la baraza. Muziki ulikuwa unacheza ndani. Niligonga kwa ngumi.

Nilisikia kitasa kikizungushwa. Mlango haukufunguka. Ukavutwa, ukagoma. Ukavutwa tena, ukakwaruza sakafu, ukafunguka nusu, na Tessa akachungulia akicheka, nywele zimemwangukia usoni.

"Samahani, Dada Ardis, tangu mvua ianze huu mlango unatutesa! Umekuja kupiga picha ten..."

Akaona nilichoshika. Nami nikatazama chini nikaliona, shoka la Mama, bado mkononi mwangu.

Nyuma yake, sakafuni, mtoto mmoja alikuwa ameketi anacheka. Aliweka mpira wake chini, akauachia, na mpira ukaondoka wenyewe, taratibu, kuelekea dirisha la mtoni. Akapiga makofi.

"Mchukue huyo mtoke barabarani," nilimwambia Tessa. "Sasa hivi, usichukue kitu. Mwenzake yuko wapi?"

Kicheko kilimtoka usoni. Alitazama shoka, akatazama macho yangu.

"Amelala chumba cha nyuma," alisema. "Nimemfungia mlango asisumbuliwe."